Mradi wa Taifa wa Kukutanisha Protini

Kabla sijasema lolote, ijulikane kwamba naipenda serikali yetu, na kwamba serikali yenyewe inalijua hilo, kwa sababu imekwisha kuniuliza. Mimi ni Mzee Kombo, mpiga chapa mstaafu wa Idara ya Hotuba katika Jamhuri ya Mshikamano. Hotuba zote mlizozisikia uwanjani zilipita kwanza chini ya vidole vyangu. Najua kuwa zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa la herufi.

Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya majirani zangu, Dakta Hidaya Msengesi na binti yake Tunu, na jinsi nchi yetu ilivyofika angani. Wengine wameisimulia kwa matarumbeta. Mimi nitaisimulia kama ilivyoonekana kutoka upande wangu wa ukuta.

Tunu alizaliwa na damu isiyoganda. Mtu mwingine akijikata na wembe, damu humtoka kidogo, ikakauka, akasahau. Tunu akijikata, ilikuwa ni safari ya hospitali. Hakucheza rede, hakuruka kamba, hakupanda ukuta wa mtu kuiba mapera. Alichofanya ni kutangaza mpira. Alikuwa na kipaza sauti cha betri, na kila Jumamosi vijana walimwekea kiti pembeni ya uwanja wa mtaa wetu, akaanza. Timu zetu mbili zilikuwa mbovu kupita kiasi, lakini katika mdomo wa Tunu zilikuwa vita vya falme.

"Mpira kwa Chande! Chande anautazama mpira, mpira unamtazama Chande, na ndugu wasikilizaji, hakuna anayemtambua mwenzake!"

Watu walikuja kusikiliza wakiwa wameupa uwanja mgongo. Hata Chande mwenyewe, mshambuliaji wetu ambaye hakuwahi kufunga bao, alikuwa akisimama katikati ya mchezo ili acheke.

Mama yake alikuwa mtaalamu wa damu katika Maabara Kuu, mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, aliyekuwa akimlea binti huyo peke yake tangu baba yake Tunu afariki. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa kilichokosekana katika damu ya Tunu ni protini moja tu. Nilimwambia anunue maharage. Akanieleza kwa upole kwamba protini za damu ni vitu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, kila kimoja na kazi yake, na kwamba kazi ya hiyo iliyokosekana ilikuwa kuziba mwanya pale mtu anapoumia.

Dawa ilikuwepo. Ilitoka nje ya nchi, ikitengenezwa kwa damu za watu wenye afya. Tatizo ni kuwa ndani ya chupa ile protini aliyoihitaji Tunu ilikuja imeandamana na nyingine, mapacha hasa, na huyo pacha wa pili ndiye aliyemtesa. Kila alipodungwa, uso ulivimba na pumzi ikambana, na kila mara ilikuwa vibaya kuliko mara iliyopita. Mwishowe madaktari wakasema sindano ijayo huenda ikamsimamisha pumzi kabisa. Kwa hiyo dawa ikawa kabatini, na Tunu akawa nje ya kabati, wakitazamana.

Dakta Hidaya alitengeneza mtambo. Niliuona: vioo viwili vilivyosimamishwa karibu karibu, na kati yake utando mwembamba wa maji yanayotiririka. Damu iliyochujwa huingizwa kwenye maji hayo, umeme hupitishwa ubavuni, na kila protini huvutwa pembeni kwa kiasi chake. Mapacha nao, kwa kuwa hawavutiki sawasawa, wangepaswa kuachana taratibu na kutokea kwenye mirija tofauti. Lakini umeme hupasha maji joto. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, vikazuka vizunguko vidogo, na mapacha waliokwisha kuanza kuachana wakarudishwa kukumbatiana. Miaka yote ilikuwa hivyo.

"Sasa mama," Tunu alimuuliza siku moja wakiwa wanachambua mchele barazani, "ni wapi ambako maji ya moto hayapandi juu?"

"Mahali pasipo na juu wala chini."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakainua macho kutazama angani, na mchele ukamwagika.

*

Wakati huo yale mataifa yenye kituo chao huko angani yaliamua kuzigawia nchi zisizojiweza nafasi ndani yake, kila nchi kijisanduku cha ukubwa wa friji ndogo na kiti cha mwanaanga mmoja, kwa utafiti mmoja. Waziri wetu wa Anga, Mifugo na Sherehe, Mheshimiwa Kashinde Mapambo, alijibu siku hiyo hiyo kwamba Jamhuri ya Mshikamano ingepeleka sanamu ya kichwa cha Rais. Wenye kituo wakajibu kuwa sanamu si utafiti. Mheshimiwa akawaandikia kuwa ni utafiti wa kina sana, kwani tangu kuumbwa kwake anga haijawahi kumwona Rais wetu, na sayansi inapaswa kujua anga itajisikiaje.

Walikataa. Wageni wana roho ngumu. Ndipo ikabidi atafutwe mtafiti, akapatikana Dakta Hidaya, na sanamu nayo ikaruhusiwa kusafiri pembeni kama mzigo binafsi wa mwanaanga.

Hapo pakatokea tatizo dogo. Gazeti moja liliandika kwamba huko juu kila kitu hukosa uzito, pamoja na kichwa cha Rais. Mhariri wake alipewa likizo ndefu, na Idara yetu ikatoa mwongozo: hakuna chochote cha Rais kinachokosa uzito. Badala ya "kukosa uzito" iandikwe "wepesi wa hadhi". Niliuchapa mwongozo huo mwenyewe, nakala za nchi nzima, kwani nilikuwa bado sijastaafu.

Kisha Dakta Hidaya akaitwa mbele ya Kamati ya Lugha na Usalama kuueleza mradi wake. Nilikuwepo kuchapa yatakayosemwa.

"Dakta, eleza kwa kifupi," alisema Waziri Mapambo. "Chakula cha wajumbe kinapoa."

"Mheshimiwa, nataka kutenganisha protini mbili zinazofanana."

Kalamu zote zikasimama. Mjumbe mmoja akainuka kwenda kufunga dirisha.

"Kufanya nini?"

"Kuzitenganisha."

Waziri akashusha sauti, kama mtu anayemshika mwenzake mkono asitumbukie shimoni. "Dakta Hidaya, nchi hii inaitwaje?"

"Jamhuri ya Mshikamano."

"Na wimbo wetu wa taifa unaanzaje?"

"Hatutengani."

"Na unaishaje?"

"Hatutengani, Mheshimiwa."

"Sasa wewe unataka tupande mpaka mbinguni, mataifa yote yakitutazama, tukatenganishe."

"Ni protini tu, Mheshimiwa."

"Mambo haya huanza hivyo hivyo. Leo protini, kesho mikoa."

Mjumbe aliyefunga dirisha akauliza kama protini hizo zimewahi kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi. Mwingine akataka kujua kila moja inatoka mkoa gani. Dakta Hidaya akaeleza tena, polepole, kwamba akishazitenganisha atakuwa ameisafisha ile moja.

"Kusafisha!" Waziri aliweka miwani mezani. "Ukisafisha, maana yake palikuwa na uchafu. Nani aliuingiza uchafu katika damu ya wananchi? Chini ya serikali ipi?"

Kwa kuwa serikali ni hii hii tangu mwanzo, wajumbe wote waliinama wakatazama meza.

"Mheshimiwa," alisema Dakta Hidaya, "nina binti. Protini moja inamponya, nyingine inamuua. Zikiingia pamoja, atakufa."

Waziri Mapambo si mtu mbaya. Alitoa leso akafuta jasho. "Pole sana, dada yangu. Tutakusaidia. Mzee Kombo, hilo la kufa litoe kwenye kumbukumbu."

Nikalitoa. Ndiyo maana nalikumbuka vizuri.

Wakamsaidia. Mradi ukapitishwa bila kupingwa, kwa sharti la kubadilishwa jina, ukaitwa Mradi wa Taifa wa Kukutanisha Protini. Dakta Hidaya akakubali palepale. Alipofika nyumbani Tunu alikuwa mlangoni.

"Wamekubali, mama?"

"Wamekubali. Ila wanauita kukutanisha."

Tunu alicheka mpaka akashika ukuta. "Waite hata harusi! Mradi nipate sindano yangu."

*

Damu iliyopelekwa angani ilikuwa yetu. Dakta Hidaya alitaka damu ya watu wengi, na mtaa mzima ukajipanga mbele ya Maabara Kuu, timu zote mbili zikiwa na jezi zao. Tunu aliletewa kiti chake, na kipaza sauti akiwa nacho. Chande alipoiona sindano tu, miguu ikamwisha.

"Chande chini! Chande yuko chini, ndugu wasikilizaji, na hakuna hata mtu aliyemgusa!"

Alipozinduka akarudi kwenye foleni, akatoa damu macho kayafumba.

Mwanaanga alikuwa Kapteni Sefu Ndalahwa, rubani wa jeshi. Kwanza alikuwa amependekezwa mpwa wa Waziri, lakini kiti cha chombo kilimkataa kiunoni. Kapteni Sefu alikuwa kijana mtulivu mwenye mikono mikubwa, aliyelelewa na mama yake peke yake, Bi Semeni, muuza vitumbua. Alikuja maabara kila siku kujifunza mtambo, na kwa kuwa Dakta Hidaya hakujua kumfundisha mtu akiwa na njaa, akawa anakula kwao. Baada ya muda alikuwa anaingia bila kubisha hodi, na Tunu anamtangaza.

"Huyo Kapteni, anaingia eneo la hatari, anakwenda moja kwa moja kwenye sufuria!"

Nilikuwa kwao siku aliyokuja kuaga. Tunu alikuwa amekaa na goti lililovimba; damu ilikuwa imevujia ndani ya kiungo, kama ilivyokuwa ikitokea mara kwa mara siku hizo.

"Kaka Sefu, ukiiangusha dawa yangu nitakutangaza mtaa mzima."

"Huko hakianguki kitu, mdogo wangu. Ukikiachia, kinakaa palepale."

"Basi hata ukitaka kukosea huwezi."

"Siwezi," alisema Kapteni. Akamgeukia Dakta Hidaya. "Mama, nitaileta kwa mkono wangu. Sitampa mtu mwingine aibebe."

Dakta Hidaya alikuwa anamfungia chapati katika karatasi. Alizifunga, akazifungua, akazifunga upya.

*

Siku ya jaribio serikali ilifunga shule na kufungua uwanja wa taifa. Viti vilitengwa kwa waliochangia mradi, yaani mawaziri, wake zao, na vikundi vya ngoma. Dakta Hidaya hakupata kiti, kwa hiyo alitazama kwenye televisheni sebuleni kwake, na sisi majirani tukaja tukakaa mkekani. Tunu alilala kwenye kochi, miguu juu ya mto. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini kipaza sauti kilikuwa kifuani.

Tukamwona Kapteni Sefu akielea. Nyuma yake ile sanamu ya Rais nayo ilielea, ikawa inageuka polepole, polepole, mpaka ikatazama ukuta. Kamera ikahamishwa haraka.

Kisha tukauona mtambo. Kapteni akazima taa na kuwasha nyingine maalumu, na kwenye utando wa maji ukatokea mstari mmoja mwembamba wa mwanga.

"Wameanza pamoja, ndugu wasikilizaji," alisema Tunu. "Bega kwa bega. Hawaonyeshi dalili yoyote."

Mstari ukapanuka. Katikati yake kukaingia giza jembamba kama uzi.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Mmoja anavuta kulia... Jamani, anavuta kulia!"

Dakta Hidaya alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Miaka yote ile ya maabara hakuwahi kuona kitu hicho.

"Hakuna kizunguko," alisema. "Tazameni. Hakuna kizunguko."

"Wanaachana!" Tunu alipiga kelele, na sijui sauti hiyo aliitoa wapi. "Mapacha wanaachana! Huyu kushoto, huyu kulia, hakuna kugeuka nyuma! Mama! Mama, ona!"

Mistari ilikuwa miwili, imenyooka, kila mmoja ukaingia kwenye mrija wake. Tulikumbatiana. Mtu alinikanyaga mguu nikamshukuru. Kwenye televisheni Kapteni Sefu alifunga mirija, akaunyanyua mmoja mbele ya kamera. Alikuwa anacheka kama mtoto.

"Dakta Hidaya," alisema. "Hii hapa."

Hapo ndipo Mheshimiwa Waziri Mapambo alipotokea upande wa pili wa televisheni, jukwaani, amevaa suti nyeupe.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mmeshuhudia kwa macho yenu hatari ya utengano! Ndugu wawili wa damu, na nasema wa damu kwa maana zote, wamedanganywa na umeme wakafarakana. Je, Jamhuri ya Mshikamano itakaa kimya? Haitakaa! Kapteni, mbele ya Taifa na mbele ya ulimwengu, nakuamuru: wakutanishe!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Kapteni Sefu aliendelea kuushika ule mrija. Tulidhani mitambo imekatika.

"Kapteni, unanisikia?"

"Nakusikia, Mheshimiwa. Hii ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani mkubwa kuliko Taifa?"

Makofi tena.

"Mheshimiwa, nakuomba. Ipo nusu nyingine ya damu haijapita. Hiyo naweza..."

"Kapteni," alisema Waziri kwa upole mkubwa, "tumekuandalia zawadi. Mama yako mzazi tunaye hapa jukwaani."

Kamera ikamwonyesha Bi Semeni. Wizara ilikuwa imemvika kanga mpya, na kwa kuwa ni mtu mzima, ilikuwa imemwazima askari wawili, mmoja kwa kila mkono, wamsaidie kusimama. Mimi kama mstaafu niliguswa na uangalizi huo. Walimshika vizuri kiasi kwamba visigino vyake havikugusa chini.

"Msalimie mwanao, mama."

"Sefu," alisema Bi Semeni.

Tunu akakiweka kipaza sauti chini.

Kapteni Sefu alichukua mfuko mtupu wa plastiki. Akafungua mirija yote miwili, akaigeuza juu chini mdomoni mwa mfuko. Hakikutoka kitu.

"Mimina!" alisema Waziri.

"Haimiminiki, Mheshimiwa. Huku hakuna chini."

Waziri alimtazama mshauri wake, mshauri akamtazama mwingine. Na nilimwona Dakta Hidaya, mbele ya televisheni, anaanza kutabasamu.

Mshauri akainama sikioni mwa Waziri.

"Basi kamua!"

Kapteni akamtazama mama yake, nadhani walikuwa wanamwonyesha huko kwenye kioo chake. Kisha akakamua. Yakatoka matone mawili makubwa, ya mviringo, yakakaa yakielea ndani ya mfuko, yanatetemeka, hayaendi popote. Akautikisa mfuko mara moja. Yakagusana, yakawa moja.

Mizinga ikapigwa. Ngoma zikaingia.

"Mechi imekwisha, mama," alisema Tunu. "Zima. Usilie mbele ya wageni."

*

Kesho yake ilitangazwa kuwa sikukuu. Gazeti lilitoa picha ya Tunu ukurasa wa mbele, na chini yake maneno: Mgonjwa wa Kwanza Kuponywa na Mshikamano. Tamko lilisema kuwa kwa kukutanishwa protini, ugonjwa wa damu isiyoganda umetokomezwa nchini. Lilikuwa limechapwa vizuri. Aliyenirithi kazini ana mkono mwepesi.

Dakta Hidaya alikwenda wizarani kuomba nafasi nyingine. Akaambiwa damu iliyobaki imekwisha kumwagwa, na kijisanduku kile kimekwisha kupewa nchi jirani, ambayo inaoteshea vitunguu. Akaomba basi apewe ule mfuko. Akaelekezwa Makumbusho ya Umoja. Aliukuta ndani ya kabati la kioo, dirishani, juani. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimeshaganda kama maziwa yaliyochacha. Akasimama hapo mpaka mlinzi akamwambia asiegemee kioo.

Alirudi kwenye mtambo wake wa zamani. Sisi tulimpelekea barafu kutoka duka la samaki, azungushie vioo, maji yasipate joto. Kila siku mistari ilianza kuachana, na kila siku ilijikunja ikarudiana.

Tunu alijigonga kichwa kwenye mlango wa kabati la vyombo, kitu ambacho wewe na mimi tungekilaani tukasahau. Ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Kufika saa ya mechi alikuwa hospitali, anasema maneno yasiyoungana. Daktari akaja na ile chupa ya dawa ya nje.

"Tukimpa, huenda tukampoteza," alisema. "Tusipompa, tunampoteza."

Dakta Hidaya akaitazama chupa. Ni Tunu aliyesema, akili ikiwa imemrudia kidogo.

"Nipeni. Nani anaogopa pacha?"

Walimpa. Nimeambiwa kuwa damu ilianza kuganda, tena vizuri kabisa. Ni pumzi ndiyo iliyokataa.

Nilikwenda na Dakta Hidaya ofisini kwa mtendaji wa mtaa kutafuta kibali cha mazishi. Mtendaji ndiye golikipa wa timu moja ya mtaa wetu, na Tunu alikuwa amemtangaza miaka mingi akifungwa. Alipotuona aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Dakta, siwezi," alisema. "Tunu amepona."

"Amefariki jana, Bwana Mtendaji."

"Najua. Lakini amepona. Ilitangazwa. Nikiandika kuwa amekufa nitakuwa nimepinga tamko."

"Kwa hiyo nimfanyeje mwanangu?"

Mtendaji alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Niandike amehama. Mtu aliyepona anaruhusiwa kuhama."

"Kahamia wapi?"

"Popote, Dakta. Popote nje ya mtaa wangu."

Ndivyo ilivyoandikwa. Timu zote mbili zilimbeba, Chande mbele, na kaburi halikuwekwa jina, kwa kuwa aliyehama hana kaburi. Msibani alikuja kijana mmoja wa serikali, mpole, akakaa karibu na mlango kuhakikisha kuwa hakuna anayetoa pole kwa mtu aliyepona. Alitushauri tuseme hongera. Kwa hiyo tulipanga mstari, mmoja mmoja, tukamshika mkono Dakta Hidaya.

"Hongera, Dakta."

"Hongera, mama Tunu. Mungu akupe nguvu."

"Hongera," alisema Chande, akaanguka miguuni pake, na safari hii hakuna aliyemtangaza.

Dakta Hidaya alimjibu kila mtu. "Asante," alisema. "Asante. Asante."

*

Kapteni Sefu alikuja baadaye, walipomaliza kumzungusha mikoani na nishani yake. Nilikuwa jikoni kwa Dakta Hidaya, nimekuja kurudisha sufuria tuliyopikia msibani, nikamwona akibisha hodi. Alitembea kwa fimbo. Wanasema miguu ikikaa sana huko juu husahau kazi. Nishani hakuivaa.

Dakta Hidaya alimfungulia. Wakakaa.

"Walimshika mama yangu," alisema Kapteni.

"Niliwaona."

"Nilifikiri watamrusha chini kutoka jukwaani. Nilifikiri..." Akaacha. "Nimeshindwa kuja mapema. Nilikuwa nafika pale kwenye kona nageuka."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Hapiki tena vitumbua. Anasema mikono inamuuma pale walipoishika."

Dakta Hidaya akatikisa kichwa. Nilidhani atamfukuza, au atalia. Alisogeza kiti chake karibu.

"Sefu, nataka kukuuliza kitu. Kwenye televisheni picha haikuwa nzuri. Wewe ulikuwa pale. Je, ziliachana kweli?"

"Ziliachana, mama."

"Kabisa? Hapakuwa na ukungu katikati?"

"Hapakuwa na kitu. Palikuwa peusi. Niliweka jicho kwenye kioo. Ile yake ilikuwa peke yake, imenyooka toka mwanzo mpaka kwenye mrija. Nilipoishika nilijua imewezekana. Tunu angepona, mama. Kweli angepona."

Uso wa Dakta Hidaya ulibadilika, siwezi kusema ulikuwa wa furaha au wa nini.

"Nafasi katikati yake," alisema. "Ilikuwa upana gani?"

Kapteni akafikiri. Akainua mkono wake ule mkubwa, akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, vimeachana kidogo, upana wa punje ya mchele.

Dakta Hidaya alivitazama. Kisha akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, hivyo hivyo ulivyo, akaushikilia ili vidole visifungane, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa Kapteni. Kapteni hakuthubutu kuutikisa. Mkono ulianza kuchoka, nikauona unatetemeka, lakini vidole alivishikilia.

Niliiweka sufuria chini taratibu, isitoe sauti, nikatokea mlango wa nyuma.